Kinyozi Aliyepima Filamu kwa Mikwaruzo

Hapakuwa na filamu duniani ambayo kinyozi wetu hajaihakiki! Kuitazama, hilo ni jambo jingine.

Kibandani mwake mlikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja na rafu ya diski mia nne za kukodisha. Kwenye kila jalada alibandika kikaratasi chenye nyota, kuanzia moja hadi tano, na hukumu ya mistari miwili. Wateja walizipokea nyota zile bila ubishi. Nani abishane na mtu aliyemwekea wembe kooni?

"Hii nyota mbili tu," angesema akikwangua kidevu cha mtu. "Mapigano ya kitoto. Au unasemaje, kaka?"

"Mmh," angejibu kaka, bila kuthubutu kutikisa kichwa.

Siri ni kwamba deki yake ilikufa zamani, na hata ilipokuwa hai hakuwahi kukaa kitako akamaliza filamu moja. Diski alizipima kwa mikwaruzo. Aliinua diski kwenye mwanga wa taa, akafumba jicho moja kama sonara aliyeletewa almasi ya mfalme. Ikiwa imechubuka hovyo, basi imepita mikono mingi: nyota tano! Iking'aa kama sahani mpya, hakuna aliyeihitaji: nyota moja, na maneno makali. Ubaya ni kwamba mara nyingi alipatia. Kichwa kikavimba, hata kofia ikamkataa.

Sasa, mchumba wake, mshonaji wa mtaa wa pili, alilelewa na shangazi yake, mwalimu mkuu mstaafu. Bila neno la shangazi hakuna ndoa. Mchumba akamsifia mtu wake wee, mpaka shangazi akamwita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasikia wewe ni bingwa wa filamu."

"Bingwa ni neno dogo, shangazi, lakini tulipokee hivyo hivyo."

Shangazi akafungua kabati, akatoa diski ndani ya bahasha nyeupe, haina picha wala jina. "Itazame. Jumamosi uje utusomee maoni yako. Na usinionee haya, nataka ukweli."

"Mimi na haya tuliachana zamani!"

Nyumbani kinyozi akaiinua kwenye taa. Safi! Haina hata unywele wa mkwaruzo. Akacheka peke yake, akachukua kalamu.

Jumamosi sebule ilijaa. Shangazi kiti cha mbele, mumewe pembeni yake, mchumba karibu na mlango akitabasamu. Kinyozi akasimama, akakohoa kama hakimu, akasoma:

"Nyota moja, na hiyo ni huruma. Filamu hii inachosha tangu mwanzo. Wapenzi hawa hawapendani hata kidogo. Inaonekana wazi kwamba mwanamume kaletwa kwa nguvu. Mwanamke kazidisha ukali. Ingekuwa mimi ndiye mwongozaji, ningemuua yule bwana mapema, watu wapumzike."

Mume wa shangazi akajipapasa kifua, kuhakikisha bado yupo.

Shangazi akanyoosha mkono, akarudishiwa bahasha yake. Akatia diski kwenye deki, akabonyeza rimoti. Kwenye skrini gari likasimama, akashuka bibi harusi mwenye macho yale yale ya shangazi. Nyuma yake akashuka mumewe, ndani ya koti kubwa kama hema. Mbele yao katangulia mtoto wa kike mwenye kikapu cha maua, na mwanya wa meno ya mbele ambao mchumba anao hadi leo.

"Harusi yangu," alisema shangazi.

"Haiwezekani!" kinyozi akaropoka. "Mbona haina hata mkwaruzo mmoja?"

"Naitazama kila Jumapili, kisha naifuta kwa kitambaa laini. Ulitaka niisugue kwa mchanga?"

Mchumba akashika kichwa. "Kumbe nyota zako zote... ulikuwa unahesabu michubuko?"

"Lakini pale pa kuletwa kwa nguvu," mume wa shangazi akanong'ona, "kijana kapatia kidogo."

"Nyamaza wewe, utauawa mapema!" shangazi akamkemea.

Kinyozi akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Mchumba alikuwa ameshaufunga.

"Posa yako sijaikataa," shangazi akamwambia. "Kaa hapa. Hiyo ni diski ya kwanza tu, harusi yangu ina nne; utazitazama zote. Siku utakayonitajia kila mgeni, jina lake na undugu wake, siku hiyo mtaoana."

"Wageni wangapi, shangazi?"

"Mia sita na kitu."

Kibanda kina kufuli wiki ya pili sasa, na mtaa mzima una ndevu. Kinyozi yuko sebuleni, katikati ya shangazi na mumewe, daftari mapajani. Jana walifika pale ndugu wa bwana harusi wanaposhuka kwenye basi la tatu. Kinyozi akapiga mwayo.

Shangazi akairudisha mwanzo.