Ombi la Kumhamisha Wendell Mpaka Amkiri Kocha Stroud

Kwa Mkurugenzi wa Michezo,
Chuo cha Tillman, Indiana.

Bwana Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, hata baada ya kile kichapo cha Jumamosi. Mimi ni Merle Hostetler, mkulima wa mahindi. Baba yetu aliturithisha, mimi na mdogo wangu Wendell, viti viwili vya ubavu kwa ubavu nyuma ya benchi la timu yetu ya kikapu. Naomba Wendell ahamishwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Wendell anaamini kwamba Dale Pruitt, kocha wetu wa sasa, ni mkuu kuliko marehemu Orville Stroud. Nimemweleza kwa upole. Stroud alitwaa ubingwa na vijana wa mashamba ya hapa hapa, waliosoma mpaka wakahitimu. Pruitt ameutwaa mara mbili, sikatai, lakini na vijana wanaokaa mwaka mmoja na kwenda zao kabla hatujajua kutamka majina yao. Wendell hujibu, "Kaka, mbili ni mbili. Huyo Stroud wako angekuwepo leo, angekuwa anauza mbegu!"

2. Sikukuu ya Shukrani iliyopita aliyarudia maneno hayo mezani, mbele ya bata mzinga wa karamu. Mke wangu Lavonne alitutoa nje sote wawili. Tulikula pai ya maboga barazani, theluji ikianguka, kila mtu amempa mwenzake kisogo.

3. Tulipomzika baba, nilimtia mfukoni kipande cha wavu wa goli, ule ambao mabingwa huukata wagawane kumbukumbu, wa siku ya ubingwa wa Stroud. Wendell naye, kwa siri, akatia cha Pruitt mfuko wa pili. Sasa mzee wetu amelala kaburini bila msimamo.

4. Kwa hiyo, mbali na kumhamisha, naomba chuo kitoe tamko lenye muhuri kwamba Stroud ndiye mkuu. Lisomwe ukumbini kabla ya wimbo wa taifa, Wendell akiwa amesimama. Akizidi kubisha, Pruitt arudishe makombe yote mawili, maana ndiyo yanayompa mdogo wangu kiburi.

Nisalimie wachezaji, wapiga tarumbeta, na yule mama anayeuza bisi mlango wa kusini.

Wako mwenye subira inayokaribia kuisha,
Merle Hostetler

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Lavonne amenipa simu. Ni Wendell, yuko hospitali, atapasuliwa moyo kesho. Amesema, "Kaka, Stroud alikuwa mkuu kuliko Pruitt. Umeshinda, basi." Maneno hayo nimeyangoja miaka yote, na leo nimeyasikia nikaingiwa na hofu. Tafadhali sana, liandikeni lile tamko leo hii, na muhuri wake, ila liseme Pruitt. Nitampelekea mwenyewe kabla hawajamtia dawa ya usingizi. Namjua Wendell: akipata karatasi ya kunikoga nayo, hatakubali kufa. Kiti chake msikiguse.