Naomba Kuondolewa Kwenye Husuda

Kwa Mama Mdogo,
Mwenye Karakana ya Picha,
Meza iliyo mkabala na yangu.

Shikamoo Mama Mdogo. Najua unaniona ninavyoandika, na najua unajifanya huoni. Nimeamua kuandika kwa sababu nilipojaribu kusema kwa mdomo ulinijibu mbele ya mafundi wote, "Hapa kazini mimi si mama yako mdogo. Una malalamiko, andika barua kama watu wengine." Basi naandika.

YAH: KUHAMISHWA KUTOKA PICHA YA HUSUDA KWENDA PICHA YA KIBURI

1. Tangu nimalize chuo na kuingia katika karakana hii, ambayo kazi yake ni kunakili kwa mkono picha za kale za Kiholanzi zinazoonyesha maovu ya binadamu, sijawahi kupewa ovu jingine ila Husuda. Kila seti ikiagizwa unagawa: Hasira kwa huyu, Ulafi kwa yule, na kwangu wale mbwa wawili. Unawajua. Wana mifupa yao chini ya miguu, lakini wamekodolea macho mfupa ulio mkononi mwa bwana mmoja aliyesimama mlangoni. Nikiuliza kwa nini mimi, unasema, "Mkono wako umewakubali mbwa, mwanangu." Mpaka leo sijui kama hizo ni sifa.

2. Ovu huingia mwilini kupitia brashi. Ushahidi umejaa humu ndani. Mzee anayechora Hasira alikuja hapa mpole kabisa. Juzi nimemkuta anagombana na stuli. Kaka Mto, anayechora Uvivu, ukimwamsha anasema alikuwa kwenye utafiti. Mama wa Ulafi hashiki brashi kabla hajala, eti akichora na njaa, kuku wa mezani anatoka mkubwa kuliko meza. Nami, ili nipate jicho la mbwa wangu, lazima nilifanyie mazoezi jicho langu. Nilianza na vitu vya mdogo wangu, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Kwanza brashi zake. Kisha nafasi yake ya dirishani. Sasa nimefika mahali ambapo akikohoa naona amekohoa vizuri kuliko mimi.

3. Mdogo wangu huyo ndiye uliyempa Kiburi. Sina ugomvi naye, tumenyonya ziwa moja. Lakini Kiburi ni yule mwanamke wa gauni jekundu anayejitazama kwenye kioo, na kioo chenyewe kimeshikwa na shetani aliyejifunga kilemba kama chake. Kwa ajili hiyo mdogo wangu amenunuliwa kioo cha kweli, kikubwa. Mimi najitazamia kwenye kijiko cha chai. Wateja wakiingia wanakwenda kusimama nyuma yake na kuguna kwa raha. Wakifika kwangu wanauliza choo kiko wapi. Nikisogea kidogo nione amefikia wapi, anasema bila kugeuka, "Dada, usinichungulie hivyo, utanikausha rangi," na karakana nzima inacheka, wewe ukiwa wa kwanza.

4. Madhara yameanza kugusa biashara. Unaikumbuka ile seti ya mwenye hoteli, nilipowaonea huruma mbwa nikampa mmoja wao ule mfupa. Mwenye hoteli alisimama hapa mlangoni akafoka, "Huyu mbwa ameridhika! Mimi nimelipia husuda!" Ukaniagiza nimnyang'anye. Nilimnyang'anya huku nikimwomba radhi. Fundi anayemwomba radhi mbwa wa rangi hafai kuachwa alipo.

5. Nilipendekeza tupumzishwe kwa kuchora wema badala ya maovu. Ulicheka mpaka ukakaa. "Nani ataitundika picha ya Kiasi sebuleni? Wageni watashindwa kula." Sawa. Kama wema hauuziki, basi angalau maovu yagawanywe kwa haki.

Kwa hiyo naomba mimi nipewe Kiburi, na mdogo wangu apewe Husuda. Dirisha na kioo viambatane na picha, kwa kuwa ni vifaa vya kazi. Nasisitiza kwamba husuda hii si yangu. Ni ya kazini, kama macho mekundu ya mchomeleaji. Niondolewe leo, kesho nitakuwa mtu safi, nitamsifia mdogo wangu hadharani bila kulazimishwa. Nisipoondolewa, sioni tutakavyoendelea kuishi chumba kimoja, maana sasa hata akilala naona anaota ndoto nzuri kuliko zangu. Sitaki kumchukia, Mama Mdogo. Ndiye mdogo wangu pekee.

Pokea heshima zote za mpwa kwa mama yake mdogo na za fundi kwa mwajiri wake, uzipange utakavyo. Wasalimie wote wa nyumbani, nami nikiwemo. Msalimie Mzee wa Hasira ukimkuta ametulia, Kaka Mto akiamka, na Mama wa Ulafi akishamaliza kutafuna.

Ni mimi mtiifu, ingawa kwa shida,
Fundi wa Mbwa.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado kwenye mfuko wa aproni yangu ulipotubadilisha wewe mwenyewe bila kuombwa. Asante. Nimekaa dirishani, gauni ni jekundu kama nilivyolitaka. Lakini Mama Mdogo, umewaona mbwa aliowachora mdogo wangu? Mmoja amelaza sikio, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Na macho yale! Yananiuma nikiyatazama. Watu wamejazana nyuma yake. Nimemuuliza kwa upole amelipataje jicho la namna ile, akacheka. "Nimelichora jicho lako, dada. Siku zote nilikuwa nakuona kwenye kioo." Yaani jicho ni langu, sifa anapata yeye! Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu, hasa pale niliposema husuda si yangu. Naomba nirudishiwe Husuda leo hii, kabla rangi haijakauka.