Nililisemesha ua, mtaa ukasikia

Leo nimefedheheka, wenzangu. Na si mbele ya watu wawili watatu. Mbele ya mtaa mzima, na paka wake.

Naandika hapa kwenye kundi letu kwa sababu sisi sita tuliobaki tulisoma chuo kimoja, tukachapwa kwa bakora moja, na najua kesho habari hii mtaletewa na watu wengine ikiwa imezidishwa chumvi. Bora muionje kwangu kwanza.

Mnalikumbuka ua la marehemu mke wangu, Mwanaidi. Lile la majani membamba marefu, lenye mstari mweupe katikati, linaloteremsha vitoto vyake kwenye uzi kama buibui. Miaka yote lilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mtu akihamia nyumba mpya, Mwanaidi alimkatia kitoto kimoja, akakifunga kwenye karatasi yenye maji, akampelekea na salamu. Wengine hupeleka sukari. Yeye alipeleka ua.

Mwaka juzi Mwanaidi alirudi kwa Mola wake. Tangu siku hiyo ua halijatoa kitoto. Wallahi hata kimoja.

Na mimi nililitunza! Nililinywesha asubuhi na jioni. Nikaliona linabanwa na lile kopo, nikalihurumia, nikalihamishia kwenye ndoo kubwa ya rangi, nikalijazia samadi ya mbuzi. Likanawiri. Likanenepa. Likakaa. (Kama mimi nilivyostaafu.)

Mwezi uliopita binti yangu Zuhura, yule mwalimu wa Lugoba, akapiga simu.

"Baba, nyumba yetu imekwisha, tunahamia. Nataka kitoto cha ua la mama."

"Vipo tele, mwanangu," nikasema. (Mungu anisamehe. Hakikuwapo hata cha dawa.)

"Basi nitakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao nikichukue."

Nikamwambia asijisumbue, ana watoto, kuna shule, mimi sijambo, nitampa mtu wa basi amletee.

"Ijumaa, baba," akasema, akakata.

Ijumaa yenyewe ni hii ya keshokutwa.

Nikampigia mjukuu wangu Nasra, anayesoma kilimo Morogoro. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Babu, umeliharibu kwa huruma. Ua hili likipata nafasi kubwa linashughulika na mizizi na majani tu. Lirudishe kwenye kopo libanwe kidogo. Punguza samadi. Maji ulipe udongo ukikauka juu. Liweke penye mwanga mwingi, lakini si jua la kuchoma. Na uwe unalisemesha."

"Nilisemeshe nini?"

"Chochote, babu. Habari za siku."

"Nasra, mimi ni mwalimu wa dini."

"Basi lisomeshe."

Nililifikiria jambo hili siku mbili. Sikuona kosa lake. Kila kiumbe kinamsabihi Mola wake kwa namna yake, basi kumjulia hali msabihi mwenzangu kuna dhambi gani? Tatizo lilikuwa mwanga. Tangu jirani wa mashariki ainue ghorofa lake, nyumbani kwangu mchana na magharibi vinafanana. Ila kile kijichumba cha muadhini pale msikitini kina dirisha zuri, na muadhini ni mimi, na ufunguo ninao mimi. Nikamwomba imamu ruhusa.

"Hapana neno, Maalim," akasema, "mradi lisije likapanga safu."

Basi ua likakaa dirishani, ubavuni mwa amplifaya. Ikawa ndiyo kawaida yangu. Naadhini, nazima swichi, nageuka, nazungumza na ua mpaka wakati wa kukimu, swala ianze. Dakika kumi, kumi na tano. Na hapa nikiri jambo. Wiki ya kwanza nilikwenda kwa ajili ya ua. Wiki ya tatu nilikuwa nakwenda kwa ajili yangu.

Sasa leo, Alasiri.

Adhana ilitoka vizuri, alhamdulillah. Sauti haikukwama. Nikashusha mikono masikioni, nikanyoosha kidole kwenye swichi, na hapo hapo nikakiona. Kikonyo! Chembamba, kirefu, rangi ya manjano mabichi, kimechomoza katikati ya majani na kuinama dirishani kama mtu anayechungulia nani anapita njiani.

Kidole kikaiacha swichi, kikaenda kwenye ua.

(Ninyi mlio mbali hamzijui spika zetu mpya. Ni nne, zipo juu ya mnara. Upepo ukiwa mzuri, watu wa Kaole wanatusikia.)

"Mashallah!" nikasema. "Mashallah, mama! Nilijua hutaniangusha!"

Ningeishia hapo ningesalimika. Sikuishia hapo.

"Zuhura anakuja Ijumaa. Nimemdanganya kwamba vitoto vipo, sasa jikaze."

(Mtaa ukajua kwamba anayewaita kwenye swala ni mwongo.)

"Halafu kesho ni Alhamisi, siku ya Bi Tatu kuleta mchuzi wake wa pweza. Ya Rabi! Pweza yule unamtafuna kama unatafuna kandambili. Nitampokea, nitamshukuru, nitawapa paka. Kama kawaida."

(Bi Tatu ni yule mjane anayekaanga vitumbua mkabala na msikiti. Saa hiyo alikuwa mkabala na msikiti.)

"Na Kombo kanifunga bao tena jana. Mtu huyu anaficha kete kiganjani, miaka ishirini namwona! Lakini nikisema atanuna, na akinuna nitacheza na nani? Imamu wetu naye, kijana mwema, Mungu amhifadhi, ila sijida yake ya mwisho hiyo! Anadhani sote tuna magoti ya kwake."

Kisha nikavuta kiti. Laiti kusingekuwa na kiti mle ndani. Haya yanayofuata sikutaka kuyaandika, lakini ikiwa muuza mkaa ameyasikia, ninyi mna kosa gani?

"Nikwambie kitu," nikaliambia ua. "Watu wakiniuliza hali nasema alhamdulillah, sijambo. Na ni kweli. Nina afya, nina paa, nina macho ya kusomea. Namshukuru Mola wangu. Lakini nikifungua mlango wa nyumba natoa salamu, kama tulivyofundishwa, hata kama ndani hamna mtu. Halafu nasimama pale mlangoni kidogo. Sijui nasubiri nini. Chai bado naipika ya vikombe viwili. Cha pili nakinywa baadaye kikiwa baridi, nisije nikamwaga neema. Na Zuhura yupo Lugoba tu hapo, si Maskati. Ila nikimwambia njoo, atajua. Basi nakwambia wewe."

Nikalipangusa jani vumbi. Nikatazama saa. Nikatoka kwenda kukimu, moyo mwepesi kama pamba.

Alasiri ya katikati ya wiki huwa tuna safu moja na nusu, na hiyo nusu ni wasafiri. Leo nikakuta safu tatu! Nikajisemea, mashallah, imani imepanda Bagamoyo. Wote wanatazama mkeka. Mmoja anafuta macho, nikadhani ana mafua. Nikakimu kwenye kipaza sauti cha mbele, nikasikia sauti yangu inarudi kutoka nje, kubwa. (Mtu mwenye akili angeelewa hapo. Mimi nilishukuru kwamba umeme haujakatika.)

Swala ikaenda mbio ajabu. Ile sijida ya mwisho, naweka paji la uso chini, imamu amekwisha kaa.

Tukatoa salamu. Tukaleta nyiradi. Kombo, aliyekuwa kuliani kwangu, akanisogelea.

"Maalim."

"Naam, Kombo."

"Kete naificha mkono wa kulia au wa kushoto?"

Wenzangu, nilikuwa nimekaa, ndiyo salama yangu. Niligeuza shingo polepole kuelekea kijichumba. Mlango u wazi. Taa nyekundu ya amplifaya inaniangalia bila haya.

"Kombo," nikanong'ona, "mmesikia yote?"

"Tangu mashallah."

"Na kwa nini hamkuja kunizimia?"

"Nilikuja mimi. Nikafika mlangoni ukawa unasema habari ya chai." Akakuna ndevu zake. "Nikashindwa kuingia."

Imamu akapita, amejikaza asicheke mpaka masikio yamemwiva. "Maalim, magoti leo hayajambo?"

"Alhamdulillah," nikasema, kisha nikatamani kulimeza neno lile. Maana sasa kila mtu anajua ninavyolitumia.

Nikachukua viatu mkononi, nikaupita mlango mkuu, nikatokea mlango wa wanawake. (Miaka sabini na miwili. Mwalimu wa watu.) Na pale nje, ameshika kiuno, mwiko bado uko mkononi unachuruza mafuta, nani? Bi Tatu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Bi Tatu."

"Paka hawajambo?"

Nikaviangusha viatu, nikaanza kuvivaa.

"Nawauliza hali," akasema, "maana nimewalisha miaka miwili na hawajaja hata kunishukuru. Kandambili, Maalim? Hata si kiatu cha ngozi?"

"Nisamehe, Bi Tatu. Nimekukosea sana."

"Nishakusamehe. Pweza simpondi vya kutosha, mkono unaniuma. Hata marehemu mume wangu alilalamika. Ila yeye alinambia usoni!" Akacheka cheko lake lile, wanawake wawili waliokuwa ndani wakacheka naye, na mimi, sijui vipi, nikajikuta nacheka pia. Kisha akashusha sauti. "Na kikonyo hicho usikitegemee kwa Ijumaa. Kinatoa kwanza vijiua vyeupe, vikinyauka ndipo vitoto. Wiki nyingi hizo. Mimi ninavyo saba barazani, mama yao kanipa Mwanaidi mwenyewe nilipohamia hapa. Kila siku unapita unavigonga kwa kofia yako. Kwa nini hukuomba?"

Nikaivua kofia, nikaitazama.

"Niliona haya," nikasema mwisho.

"Haya!" akasema Bi Tatu, akautazama mnara. "Umechagua njia nyingine, basi."

Nikenda nyumbani nikiupita mtaa wote. Kila baraza ilinisalimu. Si salamu ya kawaida ile ya kurushwa. Walinyanyuka. Muuza mkaa aliniita kwa jina, mtu ambaye hatujawahi kusemeshana. Nikaitikia huku natazama chini, natafuta shimo lenye nafasi yangu.

Nafungua mlango, simu inalia. Zuhura. Kumbe kuna mtu alirekodi. (Simjui. Mola anamjua.) Sauti yangu ilifika Lugoba kabla mimi sijafika nyumbani.

"Zuhura, mwanangu, sijambo, alham..."

"Baba. Nimesikia."

Nikawasikia wanawe wanagombana huko nyuma, kitu kikaanguka, akawakaripia, akarudi.

"Baba, ua la mama ninalo. Alinipa nilipoolewa. Linatapakaa dirisha zima, vitoto sivihesabu tena."

"Sasa ukaniomba cha nini?"

"Nilitaka sababu. Kila nikisema nakuja kukuona, unasema hujambo, nisijisumbue. Nikafikiri labda nikija kuchukua kitu utaniacha nije."

Tazameni basi. Mimi namwongopea vipo, yeye ananiongopea hana. Mwezi mzima nimelibana ua la watu kwenye kopo, nimelisomea, nimelipeleka msikitini, nimevunja heshima yangu kwa spika nne, kumpatia kitoto mtu mwenye dirisha zima!

"Nakuja kesho," akasema, "sisubiri Ijumaa. Usiseme usijisumbue."

Ulimi ulikwisha jipanga kusema hivyo hivyo. Miaka miwili umezoea. Nikauzuia.

"Njoo," nikasema.

Nilisikia anapumua. "Umesema njoo, baba?"

"Njoo, na watoto waje."

Basi akaanza kulia, nikaanza kumbembeleza, nikamaliza kwa kulia mimi, na yeye ndiye anayebembeleza. Namshukuru Mungu kwamba mazungumzo hayo yalikuwa ya simu tu.

Kikonyo bado kipo dirishani. Nasra kaniandikia nisikiguse na nisikiharakishe. Sikiharakishi. Imamu naye amebandika karatasi juu ya amplifaya, kwa herufi kubwa: ZIMA KWANZA, MAALIM, NDIPO UZUNGUMZE. Nimeisoma mara mbili, nimeona ina hekima kuliko darsa zangu nyingi.

Hayo ndiyo yaliyonikuta leo. Mkitaka kucheka, chekeni, haki yenu. Ila nawaomba kitu kimoja. Msinitumie zile sura za manjano zinazotoa machozi. Pigeni simu mnicheke kwa sauti. Nipo nyumbani mpaka Isha.