Betri ya Shemeji

Jumatano, 4 Machi

Leo Baba mkwe ametangaza. Magoti hayamsikii tena, anasema, na duka lake la baiskeli za umeme linahitaji mtu wa kuongoza wageni kwenye barabara ya pwani hadi mnara wa taa. Kiongozi atavaa kizibao cha rangi ya chungwa. Atapewa filimbi. Filimbi yenyewe inaning'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta. Nimeitazama miaka yote niliyokuwa fundi wa duka hili, nikiziba pancha katika chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Bahari iko mtaa wa pili. Huwa naisikia tu.

Kwa hiyo filimbi ni yangu, hata kipofu anaona. Lakini shemeji naye anaitaka. Huyu ni kaka wa mke wangu, amerudi nyumbani mwezi uliopita na miwani ya jua na neno moja: mandhari. Chai ina mandhari. Kiti kina mandhari. Breki hajui inabanwa wapi.

Uamuzi wa mzee: Jumamosi twende wote watatu hadi mnarani. Atakayekuwa ubavuni mwake njia nzima na kumwonyesha pwani vizuri, filimbi yake. Atakayebaki nyuma, abaki na pancha.

Alhamisi, 5 Machi

Nimepata! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. (Mke wangu amesema zangu zinapukutika. Wivu.)

Dukani kuna betri moja mwongo. Ukiitazama, taa zote nne za kijani zinawaka. Ukifika kilima cha kwanza, kimya. Baba mkwe aliniagiza niitupe zamani sana. Sikuitupa. Niliiweka chini ya meza ya karakana, kwa sababu kila kitu kina siku yake.

Siku yake ni Jumamosi. Baiskeli ya umeme isiyo na umeme ni nzito kama kabati, na shemeji ana miguu ya mtu aliyezoea kochi. Betri zote zinafanana, kwa hiyo nimebandika utepe mweupe juu ya ile mwongo na kuandika kwa herufi kubwa: SHEMEJI. Nikampelekea mdogo wa mke wangu, binti wa kaunta, anayetunza ufunguo wa kabati la kuchajia na ndiye anayefunga betri asubuhi. Nikamwambia nyingine ampe yeyote, ila hii ampe mwenyewe kama ilivyoandikwa. Akasoma. Akasema sawa, shemeji.

Msichana mwelewa sana.

Ijumaa, 6 Machi

Nimejifunza pwani nzima. Mnara sijui ulijengwa lini, lakini nimechagua mwaka unaosikika vizuri. Mwamba ulio katikati ya maji nimeupa jina. Ndege weupe pia.

Shemeji amekuja karakana kuniomba nimwinulie kiti. Nimemwinulia na kumtakia safari njema. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Ilipita.

Jioni mke wangu akanikuta mbele ya kioo nikijifunza kupuliza filimbi kwa kutumia kalamu. Nikamweleza nusu ya mpango. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamjibu kwamba sichimbi kisima, nagawa betri.

Jumamosi, 7 Machi

Asubuhi njema. Upepo mgongoni, barabara imenyooka kando ya ukuta wa bahari, maji yanameta. Baba mkwe katikati, kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu yenye kapu kubwa nyuma. Mimi kulia kwake. Nikamwonyesha ndege. Nikamwonyesha mwamba. Akauliza jina la mwamba limetoka wapi, nikamwambia ni habari ndefu. Shemeji akasema mandhari. Mpaka hapo nilikuwa nashinda, naapa.

Kikaja kilima. Nikapunguza mwendo kwa adabu, nimpe shemeji nafasi ya kukwama. Hakukwama. Alinipita kwa mlio mororo, miwani machoni. Aliyekwama nilikuwa mimi. Taa nne za kijani, halafu haikuwaka hata moja. Nikadhani ni waya. Nikashuka, nikainama. Utepe mweupe. Mwandiko wangu mwenyewe.

Nikampigia simu binti wa kaunta, nikamuuliza ule utepe aliusomaje. Akasema alivyouona: Shemeji. Akaniuliza, kwani humu ndani Shemeji ni nani? Yule mwingine yeye anamwita Kaka. Baba anamwita Mwanangu. Watoto wangu wanamwita Mjomba. Toka kizingitini hadi jikoni Shemeji ni mmoja tu, naye ndiye aliyeleta betri, kwa hiyo alidhani nimejiwekea iliyo nzuri. Nikamwambia mtandao unakatika.

Wakarudi kunichukua. Shemeji aliifunga baiskeli yangu kwa kamba nyuma ya yake na kuivuta bila neno hata moja la kejeli, jambo lililonikera zaidi ya kejeli. Mimi nikapakiwa kwenye kapu, mgongo kwa mgongo na Baba mkwe, magoti kidevuni. Hivyo ndivyo nilivyofika mnarani: kinyumenyume.

Lakini kunyamaza, aka. Nilieleza kila kitu, ila baada ya kukipita. Na niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu: bahari ni nzuri. Miaka yote nimeisikia kupitia ukuta, na leo ilitandazwa yote mbele yangu, barabara ikijikunjua kutoka miguuni mwangu. Kwa kitambo nilisahau filimbi. Kisha likapita basi, abiria wakapunga mikono huku wakicheka. Nikawapungia kama mwenye msafara.

Jumapili, 8 Machi

Kikao sebuleni. Baba mkwe aliuliza swali moja tu: betri aliyoagiza itupwe ilifikaje barabarani ikiwa na mwandiko wa fundi? Mke wangu akatazama dari. Nikasema nilikuwa naifanyia majaribio. Mzee akasema majaribio yamefaulu.

Filimbi kapewa shemeji. Iliniuma, sitaficha. Alipoipuliza mara ya kwanza niliona kama anatumia pumzi zangu. Mimi nimepewa pampu. Nitafuata nyuma kabisa ya msafara, nikiziba pancha za wageni. Angalau nitatoka kwenye kile chumba, alisema mzee, tena maelezo yangu ya kapuni yalimchekesha mpaka akasahau magoti. Mke wangu amenisihi nishukuru na niishie hapo.

Nyuma, sawa. Mchungaji naye hutembea nyuma na hakuna anayemwita mbuzi. Ila mchungaji huwa na filimbi.

Jumatatu, 9 Machi

Nimetafakari. Mpango haukuwa na kosa, ulifanya kazi barabara. Kosa ni la undugu. Majina ya ukoo hayana msimamo: wewe unamwita shemeji, naye anakuita shemeji, sasa nani ni nani? Mtu mwenye akili hayaandiki kwenye betri.

Jumamosi wageni wa kwanza wanakuja. Betri mwongo nilikuwa nimeirudisha chini ya meza. Nani atatupa silaha vita havijaisha? Binti wa kaunta ametutengea rafu yetu sisi viongozi wawili, yenye betri mbili tu. Moja nimeiondoa na kuweka ile mbovu mahali pake, safari hii bila utepe wowote. Utepe nimeubandika kwenye ile nzima, na juu yake nimeandika neno lisiloweza kumchanganya binadamu yeyote: YANGU.

Jioni shemeji alipita pale rafuni, filimbi shingoni. Akaona utepe, akasoma kwa sauti, yangu. Akanipiga bega, akasema asante sana, shemeji, sikutegemea.

Ananishukuru nini, sijui. Acha ashukuru.