Kiti cha Malkia wa Machozi

Habari ya kifo cha Bibi Zabibu ilimkuta mjukuu wake, Rahimu, amelala chali kwenye sakafu ya saluni ya kinyozi Melkiori, akiwaonyesha wateja jinsi Magreth anavyozimia jukwaani.

"Hapo bado hajazimia!" alikuwa akieleza, jicho moja wazi. "Kwanza anarusha mguu. Wa kushoto! Wa kulia ni wa waigizaji wa kubahatisha."

Simu ikaita. Baba mkubwa Shamte. Rahimu akaipokea hapohapo chini.

"Shikamoo baba mkubwa. Niko kwenye mambo ya sanaa."

"Rahimu, bibi yako ametutoka. Sasa hivi, baada ya magharibi. Njoo nyumbani."

Rahimu hakurusha mguu wowote. Alibaki pale chini, nywele za watu zimemganda shavuni, mpaka Melkiori alipomwinua kwa kumshika makwapa.

Tusimwonee, alilia kweli. Bibi Zabibu ndiye aliyemlea pale Utemini tangu ana miaka mitatu. Alilia kutoka saluni mpaka kona ya msikiti. Bahati mbaya, kwenye kona ya msikiti kulikuwa na watu wa kumpa pole, na Rahimu akiona watu watatu wamesimama pamoja huona ukumbi umejaa.

"Nashukuru, nashukuru," akawaambia, machozi yakikauka yenyewe. "Kesho msikose. Magreth anakuja! Malkia wa Machozi mwenyewe! Yule ni kama dada yangu wa damu. Atamlilia bibi mpaka Ziwa Singidani lifurike!"

Huyo Magreth alikuwa nyota wa kikundi cha maigizo kilichokuja Singida kila mwaka baada ya mavuno ya alizeti. Siku zote aliigiza mkamwana anayeteswa. Alipigwa, alinyimwa chakula, alifukuzwa nyumbani mvua ikinyesha, na ukumbi mzima ulitoka macho mekundu kama uliomenya gunia la vitunguu.

Na udugu wao? Ushahidi ulikuwa picha moja ndani ya simu ya Rahimu. Magreth kavaa wigi na gauni lililochanika, kapakwa masizi usoni mpaka kwenye kope, na pembeni kabisa linaonekana sikio la Rahimu na nusu ya tabasamu lake. Alikuwa pia amemtumia Magreth ujumbe arobaini na moja, wa mwisho jioni hiyo, wa msiba. Ujumbe wote ulifika salama. Majibu ndiyo yalikuwa bado njiani.

Aliyemjua Magreth alikuwa Bibi Zabibu. Miaka miwili nyuma Rahimu alimpeleka ukumbini, na bibi akaona kwa macho yake mama mkwe akimnyima mkamwana ugali. Hakupata usingizi. Asubuhi akachinja kuku, akasonga ugali, akafunga kwenye kitambaa, akaenda mpaka nyumba ya wageni walikolala waigizaji.

"Bibi, unaniaibisha!" Rahimu alinong'ona getini, kofia ameishusha mpaka puani. "Yule ni staa! Hali ugali!"

"Kwa hiyo anakula nini, makofi?" bibi akajibu, akaingia peke yake.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa kuna mtu aliyempigia bibi simu. Bibi alimwita Magi. Rahimu, mtaalamu wa sanaa, alidhani ni muuza dagaa.

Asubuhi ya msiba baba mkubwa alimwita pembeni. "Tunazika baada ya adhuhuri. Bibi yako aliacha neno moja tu kuhusu mazishi yake. Wewe ndiye utashuka kaburini umpokee. Alisema mikono yake ilikubeba wewe, basi na yako imbebe yeye."

"Nitashuka, baba mkubwa. Ila tusogeze mpaka alasiri, kuna mgeni mkubwa anatoka Dodoma..."

"Maiti hasubirishwi, Rahimu."

"Hata nusu saa?"

"Hata nusu dakika. Na hicho kiti ni cha nani? Tuna harusi hapa?"

Kiti kilikuwa cha Magreth. Kilikuwa cha plastiki, lakini Rahimu alikivika satini nyeupe, akakifunga fundo kubwa nyuma, akakiweka mahali ambapo kila mtu angekiona. Wanaume wote walivaa kanzu. Rahimu alivaa suti ya bluu na viatu vilivyong'aa hadi kuku wa jirani wakajitazama humo.

Saa nne mashabiki walikuwa wamejaa. Happiness wa duka la vocha alikuja na simu mbili, moja ya kurekodi kilio na nyingine ya akiba kilio kikizidi. Mama mmoja alileta dawa ya kuchua, kwa ajili ya kipigo alichopigwa Magreth kwenye sehemu ya pili ya igizo. Mzee Antipasi alifunga safari kutoka Sepuka kwa jambo moja tu, kumshauri amwache yule mume.

"Akizimia, nani atamdaka?" Happiness akauliza.

"Nani mwingine?" Rahimu akavuta kola.

Saa hiyo hiyo akaingia mwanamke mfupi, mweusi, amejifunika khanga kichwani, ana mkoba wa safari wa kawaida. Aliwaamkia wazee, akasimama karibu na kile kiti, akawa anakitazama.

"Dada, hapo hapakaliwi!" Rahimu akamwahi. "Panasubiri mtu. Wewe umekuja kusaidia? Pita nyuma jikoni, kuna vitunguu vinasubiri mikono."

Mwanamke alimtazama kidogo. "Sawa kaka. Pole kwa msiba." Akapita nyuma.

Alimenya vitunguu beseni zima. Akachota maji. Akasugua masufuria mawili makubwa kwa majivu. Happiness alipokwenda kutafuta maji ya kunywa alimkuta amekaa juu ya ndoo, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Huyu naye!" Happiness akacheka. "Vitunguu vya Singida vimemshinda!" Akarudi mbio barabarani asije akakosa kilio.

Adhuhuri ikaswaliwa. Rahimu aliswali mstari wa nyuma, karibu na mlango, sikio moja likiwa barabarani. Bibi alipoletwa akaswaliwa, na salamu ilipotolewa tu Rahimu akachomoka mpaka barabara kuu. Kila gari jeupe lilipotokea alinyoosha suti. La kwanza lilibeba mbuzi. La pili lilibeba mafundi bomba. Mashabiki walikuwa nyuma yake kama kwaya iliyopoteza mwalimu.

Yule mwanamke wa vitunguu akaja, mikono bado imelowa.

"Kaka Rahimu, jeneza limeshaondoka."

"Naona, dada. Nasubiri mgeni."

"Mgeni gani huyo?"

"Magreth! Kwani huko kwenu hamna maigizo?"

"Akija afanye nini?"

"Alie!"

Mwanamke akajifuta mikono kwenye khanga. "Ijumaa iliyopita bibi aliniambia mjukuu wake ndiye atampokea kaburini. Alikuwa anajivuna! Akasema, 'Rahimu wangu ana maneno mengi, lakini hapo hataniangusha.' Nenda, kaka."

Rahimu akageuka kutoka barabarani. "Wewe ni nani?"

"Magreth. Ulinipa vitunguu."

Mashabiki wakasogea wamtazame vizuri.

"Mbona mfupi?" Happiness akasema, amekata tamaa kama aliyeuziwa kuku mgonjwa. Kisha akainua simu. "Haya, dada, kidogo tu. Ile ya kurusha mguu."

"Kulia kule ni kazi yangu," Magreth akasema. "Hapa nimekuja msibani."

Mzee Antipasi akajipenyeza. "Mwanangu, yule mume umeshamwacha?"

"Mzee wangu, yule ni mwigizaji mwenzangu. Ana mke na watoto wanne Dodoma."

"Kumbe ana mke mwingine!" Mzee akapiga fimbo chini. "Shetani mkubwa!"

Rahimu hakuyasikia hayo. Alikuwa anakimbia. Kiatu kimoja kiling'oka mbele ya msikiti, cha pili akakivua mwenyewe. Alilifikia jeneza watu wakiwa wanaingia makaburini, akatia bega lake chini bila kuongea na mtu. Baba mkubwa Shamte alimtazama miguu, kisha akatazama mbele.

Alishuka kaburini na suti yake, pamoja na baba mkubwa. Wakampokea Bibi Zabibu. Alikuwa mwepesi. Wakamlaza ubavu wa kulia, uso kuelekea kibla, Rahimu akalegeza vifundo vya sanda kama alivyoelekezwa. Ustadhi akasoma dua. Wakapanga mbao.

Alipopanda juu, udongo ulikuwa umemjaa magotini na kifuani, na machozi yanamtoka bila sauti. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alimpa sepetu, naye akafukia pamoja na wengine mpaka kaburi likajaa.