Mikia Inayorudi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Zimebaki siku tano. Nafasi ya ajira ya kudumu ni moja, na tunaojaribiwa ni wawili: mimi na Evodia. Ijumaa Bi. Angelina, meneja wetu hapa ofisi ya ushirika wa mpunga, atakagua kompyuta ya kila mmoja. Anaiamini ile programu ya kusafisha kompyuta kuliko anavyomwamini daktari wake. Namba ya kijani, wewe ni mfanyakazi. Namba nyekundu, huna adabu.

Ya Evodia ni kijani. Yangu nyekundu! Programu inasema kwenye rejista, lile daftari la ndani la kompyuta yangu, kuna mikia ya mafaili isiyotumika, yaani yale maneno yanayokaa mwishoni mwa jina la faili, baada ya nukta. Mikia mitatu. Nimeifuta. Sifuri. Nikapumua.

Saa saba wenzangu wakaenda kwa mama lishe. Mimi nikala chapati mezani na kujisomea shajara hii tangu mwanzo, kama kawaida yangu. Iko salama. Nina nakala kadhaa humu ofisini, na kila moja nimeipa mkia wa kubuni, jina la chakula, ili asitokee wa kuitamani. Nani atahangaika kufungua faili linaloitwa takwimu.mlenda?

Saa tisa nikakagua tena. Mitatu!

Bi. Angelina alipita akaniuliza mbona nimekunja uso. Anachapa barua kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa, lakini nyuso za watu anazisoma haraka.

Jumanne, 17 Juni

Nimefuta mara nne. Asubuhi sifuri, baada ya chakula mitatu. Mwishowe nikafanya nililopaswa kufanya jana: nikasoma mikia yenyewe.

.mlenda. .ubuyu. .zabibu.

Ni yangu! Kuna mtu ameigundua shajara. Anaifungua kisirisiri, na kila akiifungua anaacha nyayo kwenye rejista.

Nani? Meza ya Evodia iko hatua mbili kutoka yangu. Na leo amekula mlenda. Nilimuuliza, kwa utulivu mkubwa, kama anaupenda sana. Akasema, shoga, mimi Mgogo, ulitaka nipende nini, pitsa? Akacheka mpaka akashika meza. Mtu asiye na hatia hacheki hivyo.

Jumatano, 18 Juni

Nimebadili neno la siri mara mbili. Nimeongeza nakala mpya yenye mkia wa .karanga. Nimegeuza skrini itazame ukuta. Sasa hata mimi nasoma kwa kupinda shingo. Inauma.

Saa saba nikabaki kulinda. Hakuna aliyeingia ila upepo na vumbi lake. Ili nisisinzie, nikajisomea nakala zote, moja baada ya nyingine. Saa nane nikakagua. Minne! Nikiwa nimekaa papo hapo! Evodia ana kipaji, lazima nikiri.

Aliporudi kutoka kwa mama lishe aliniletea maandazi mawili kwenye gazeti, akasema nimekonda, nitaanguka siku moja watu wanisingizie nina mimba. Anataka kunilainisha. Niliyala, lakini kwa tahadhari.

Alhamisi, 19 Juni

Mtego! Nimetengeneza faili jipya: ushirika.evodia. Ndani nimeandika sentensi moja tu, "Nimekukamata." Hakuna binadamu anayeona jina lake kwenye faili la mwenzake akalipita.

Saa saba nikalifungua kuhakikisha chambo kimekaa sawa. Kimekaa. Saa nane nikakagua rejista.

.evodia!!

Nilijikuta nimesimama. Nikaandika barua ya kurasa mbili kwa Bi. Angelina, nikaomba aitwe fundi Imrani, yule anayekuja kutoka Chimwaga mitambo ikitushinda, na uchunguzi ufanyike kesho mbele ya wote. Nimepiga pasi gauni la bluu.

Ijumaa, 20 Juni

Uchunguzi umefanyika. Mbele ya wote.

Imrani alikaa kwenye kiti changu na kuangalia saa za mafaili. Yote yamefunguliwa kati ya saa saba na saa nane mchana, kwa neno langu la siri. Bi. Angelina akasema saa hizo Evodia huwa naye kwa mama lishe, benchi moja, kila siku, na ndiye anayemmalizia pilipili. Imrani akaanza kueleza kwamba kompyuta ikifungua faili lenye mkia isioujua, huuandika kwenye rejista, kwa hiyo anayeurudisha ni yule yule… Mwisho sikuusikia. Nilikuwa namtazama Evodia akiuma kitambaa asicheke.

Kisha Bi. Angelina akataka kujua ndani ya hayo mafaili kuna nini hasa. Imrani hana huruma. Alifungua lenye maandishi ya Jumatatu, akasoma kwa sauti. Hakuruka neno. Akafika kwenye kuku.

"Kuku huyu anayedonoa," akasema Bi. Angelina, "ndiye anayetia saini mikataba, binti yangu."

Ajira amepewa Evodia. Mimi nilikuwa wa kufunga virago. Lakini Evodia akamsihi meneja, akamwambia hajaona mtu anayezijua takwimu za mpunga kama mimi, na kwamba ghala la Bahi halina karani. Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, huko huko Bahi.

Sijui anapanga nini.

Jumatatu, 23 Juni

Bahi. Nimeshuka kwenye bodaboda na vumbi mpaka kwenye kope. Ghalani kuna magunia, panya, na kompyuta moja iliyofunikwa kwa kiroba. Tuko wawili tu, mimi na Mzee Daudi, mlinzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akasema hicho kidude hajawahi kukigusa, anaogopa kitamrusha umeme.

Njia nzima nimeutafakari mkasa wangu kwa uaminifu, na kosa langu nimeliona. Nilitumia vyakula! Vyakula vinawapa watu hamu. Shajara sasa inaitwa ghala.sumuyapanya. Hakuna atakayeigusa.

Asubuhi nilikagua rejista: sifuri. Namba ya kijani, nzuri kama mpunga mchanga. Miezi mitatu ya namba hii na Bi. Angelina atanirudisha mjini mwenyewe. Mchana nikala muhogo, nikajisomea shajara tangu mwanzo. Saa tisa nikakagua tena.

Mmoja!

Mzee Daudi amekaa mlangoni. Anachonga mpini wa jembe, anapiga mluzi, anajifanya hanioni.

Mtu asiyejua kompyuta hapigi mluzi hivyo.