Kuhusu Nyumba Yetu Kuachwa Katika Kijitabu cha Vivutio vya Plovdiv

Binti yangu Radostina amefaulu mtihani wa kuongoza wageni, tena amekuwa wa kwanza kati ya watu kumi na tisa.

Ndugu Mhariri wa kijitabu cha wageni, nisamehe kwa kutanguliza habari kabla ya salamu, lakini ungekuwa na binti kama huyu nawe ungeshindwa kujizuia. Hujambo? Mkeo hajambo? Nasikia wewe ni mtoto wa Lilyana wa duka la vitambaa, basi nakuandikia kama mama, ila kwa heshima zote za ofisi.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni ya matembezi imemwambia Radostina kwamba vivutio vikubwa vyote vina waongozaji wake wa siku nyingi, kwa hiyo yeye atafute kivutio chake mwenyewe. Asipokipata mwezi huu, anakwenda Vienna kwa shangazi yake kutandika vitanda vya hoteli. Mtoto anayewajua wafalme wa kale kwa majina yao na ya farasi wao. Nimefungua kijitabu chako, nikahesabu vivutio kumi na vinne, na nyumba yetu haimo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeusifu ukumbi wa maonyesho wa Warumi kurasa tatu nzima. Ukumbi hauna paa, nguzo nyingine zimeanguka, na wenyewe walihama bila kuaga. Mimi ningeliacha jiko langu hivyo, mama mkwe angenirudisha kwetu. Nyumba yetu ina paa, na jiwe la mlangoni ni la Warumi haohao, lina maandishi. Baba mkwe aliyaelekeza juu ili tusiteleze wakati wa barafu.

2. Marehemu mume wangu Stamen. Alipofariki tulibandika getini karatasi yake ya msiba, yenye picha na jina, kama kila familia hapa, kisha ya siku arobaini, ya nusu mwaka na ya mwaka. Hiyo ya mwaka sijaibandua, kwa sababu picha ni ile ya masharubu. Sasa wageni wanasimama hapo na kuvua kofia. Jumatano Waholanzi wawili, mtu na mkewe, walimwuliza Radostina huyu mkuu alifanya nini. Binti yangu hasemi uongo. Akajibu kwamba alikuwa fundi bomba. Wakauliza kama ni mabomba ya Warumi. "Hapana, ya mtaa huu," akasema. "Yake hayavuji." Wakaomba kuingia.

3. Nikawashusha stoo ya chini, kwenye chupa zangu za pilipili hoho za kuchoma. Juu ziko za mwaka jana, chini yake za mwaka aliofariki Stamen, na chini kabisa za mwaka Radostina alipoanza shule, ambazo hatuzifungui. Radostina akawaeleza tabaka kwa tabaka, kama wanavyoeleza yale yaliyochimbuliwa chini ya barabara kuu. Yule mama wa Kiholanzi akafuta machozi. Katika ukumbi wako nani amewahi kulia?

4. Jirani yangu Tsonka. Alipoona wageni, naye akabandika karatasi ya mumewe getini. Ndugu Mhariri, Penko yuko hai. Leo asubuhi nimemwona akinunua mkate. Nilipomuuliza Tsonka, akanijibu kutoka upande wa pili wa ukuta wetu, "Kwani mtu asisifiwe mpaka afe, mwenzangu?" Wageni wawili wameshampa Penko pole kwa kifo chake mwenyewe, naye akapokea. Andika wazi kwamba kivutio halali ni nyumba yetu, namba tisa.

5. Kwa hiyo naomba nyumba yetu iwe ukurasa wa kwanza. Ukumbi ufungwe saa sita mpaka saa nane mchana, wageni waje kula. Ramani ichorwe upya, mji uanzie getini kwetu. Na kama wazee wetu waliweza kukivunja kilima kizima wakapata mawe ya barabara, waambie wakubwa hawawezi kushindwa na ukuta wa Tsonka unaoziba mandhari.

Msalimie mama yako, mwambie kile kitambaa cha maua bado ndiyo mapazia yetu. Wasalimie mkeo, wachapaji, na yule mchora ramani, ingawa amekosea.

Mimi mwenye subira na heshima,
Nevena Kutsarova, mama yake Radostina

N.B. Radostina ameisoma barua hii kabla sijafunga bahasha. Amecheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza, "Mama, wewe umewahi kuingia ule ukumbi?" Nimeishi mji huu miaka hamsini na minane, na ukumbi uko dakika sita kutoka kwangu. Sijawahi. Nilikuwa na jiko. Kumbe mwongozaji mmoja wa pale anastaafu, na kampuni imekubali kumjaribu binti yangu. Wakitokea wasikilizaji ishirini, kazi ni yake na Vienna tumeifuta. Basi nawe futa yote niliyoandika hapo juu. Usituweke kijitabuni, usitaje hata mtaa. Mpaka sasa tumepatikana kumi na wanne, nami nimo, nimeshapiga pasi gauni. Njoo ukumbini na mkeo, na mama yako, na wachapaji, na mchora ramani, wote kabisa: Jumamosi, tarehe tisa Mei, saa nne asubuhi.